Ezell Alivyompima Trevonte Oglesby

Mume wangu akiwa uwanjani hatazami mpira. Uwanja mzima unageuza shingo kuufuata, yeye kakodoa macho pembeni, kwa yule kijana aliyeinama mwisho wa mstari, vidole vikigusa nyasi, akingoja mpira utikisike tu achomoke. Kazi ya kijana huyo, katika huu mpira wa Kimarekani, ni moja: kulipita jitu lililowekwa mbele yake kama ukuta, amfikie mrusha mpira wa timu pinzani na kumwangusha kabla hajarusha. Na kazi ya mume wangu ni kusema kama kijana huyo, akitoka chuoni kwenda kucheza kwa kulipwa, atayapita na majitu ya huko, ambayo ni majitu kweli.

Anaitwa Ezell Lathan. Hapa kwetu Tolliver, Alabama, wakubwa kwa wadogo wanamwita Kocha, kwa sababu kabla klabu moja ya kulipwa haijamwajiri kuwa msaka vipaji alifundisha jiografia kwenye sekondari yetu, na jioni akawafundisha vijana kuzuia na kuangusha. Mimi ni Imogene, mkewe. Tangu watoto wetu waondoke nyumbani napanda naye gari, kutoka Georgia hadi Louisiana, msimu wote wa mpira. Yeye anaendesha, mimi nasoma ramani ambayo haihitaji, kwa kuwa mwalimu wa jiografia hakubali kupotea.

Miaka ya mwanzo nilikuwa namuuliza, "Sasa unatazama nini? Mpira uko kule!"

"Mpira una watu wengi wa kuutazama," ananijibu. "Huyu hana. Tazama anavyoinuka. Kuanguka si kitu, kila mtu anaanguka. Kuna anayeinuka akitafuta kamera, kuna anayeinuka akimtafuta mwenye mpira."

Yeye mwenyewe alicheza nafasi hiyohiyo. Nilimkuta chuoni, chuo chetu kidogo cha watu weusi, akiwa mwembamba, mrefu, magoti yote mawili mazima. Mwaka wake wa mwisho alikuja msaka vipaji wa klabu moja, akala chakula nyumbani kwa mama mkwe wangu, akafuta mdomo, akasema, "Mama, andaa sherehe. Huyu lazima achukuliwe." Mama akaandaa. Siku ya uteuzi, siku ambayo klabu zote hukaa na kuchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, nyumba ilijaa watu mpaka kwenye ngazi. Kuku wa kukaanga, saladi ya viazi, kwaya ya kanisa barazani. Simu haikulia. Samahani, ililia mara moja: alikuwa shangazi yake wa Mobile, anauliza kama imeshalia. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, kila mtu na kuku wake kwenye karatasi, bila kumtazama mama usoni.

Baadaye alipata nafasi ya kujaribiwa kiangazi kimoja, goti likavunjika, akarudi. Goti halilalamikii. Anachokikumbuka ni yule mtu akifuta mdomo.

"Hakuwa mtu mbaya," huniambia. "Alitaka tu kupendwa pale mezani. Ndiyo maana mimi nikienda kwa watu nakula, nashukuru, nanyamaza."

Sasa nije kwa Trevonte.

Trevonte Oglesby ni wa hapahapa, mtaa wa nyuma ya kanisa. Mama yake, Shalonda, anaendesha basi la shule. Ezell alimfundisha majina ya mito yote ya Alabama alipokuwa msichana, na hadi leo anayajua. Kijana alianza na mpira wa kikapu. Alipofika sekondari miguu ilikuwa mirefu kuliko akili ya kuiongoza, ila alipoanza kukimbia ulisahau yote. Chuo kikuu cha jimbo kikamchukua. Mwaka wake wa tatu huko akalipuka: kila Jumamosi anaangusha mtu, kila Jumapili wachambuzi wa televisheni wanamtaja. Wakasema atachukuliwa raundi ya kwanza, labda miongoni mwa wale wa mwanzo kabisa. Tolliver ikapata wazimu. Fulana zenye namba yake zikauzwa kwenye duka la mbolea. Pale unapoingia mjini, palipokuwa na bango la kiwanda cha karatasi kilichofungwa, wakabandika picha yake akiwa amekunja ngumi.

Mkuu wa Ezell kwenye klabu ni Bwana Brandvold, mtu wa kaskazini, mkimya, mwenye kupenda supu. Akapiga simu Oktoba. "Ezell, nenda kamwone yule wa kwenu."

"Ni wa kwetu kweli, mkuu," Ezell akamwambia. "Mama yake nilimfundisha. Tuma na mwingine asiyemjua."

"Nimeshatuma. Sasa nataka jicho lako."

Tukaenda. Ilikuwa mechi ya mchana, jua la vuli, jezi zinang'aa. Mchezo wa kwanza tu Trevonte alichomoka mpira ukiwa bado haujatulia mikononi mwa mpinzani, akainama begani mwa lile jitu, akakata kona mwili umelala kama pikipiki kwenye mzunguko, na mrusha mpira akawa chini. Uwanja ukapasuka. Nami nikapiga kelele, sikufichi. Ezell akasema tu, "Mm."

Nikamjua. "Mm" hiyo ina kitu ndani.

"Yule mrusha mpira alimsubiri," akasema. "Alishika mpira kama anangoja basi. Huko mbele hawangoji."

Kadiri mchezo ulivyoendelea nami nikaanza kuona. Kijana akichomoka peke yake pembeni, hakuna wa kumkamata. Lakini jitu likifanikiwa kumwekea mikono kifuani, basi, hadithi imekwisha. Anasukuma, anasukumwa, anabaki palepale kama ng'ombe langoni. Hana jibu la pili. Na wapinzani walipoamua kukimbia na mpira upande wake, walimfagia.

Halafu kikaja kitu kimoja, robo ya mwisho, timu yake ikiwa inaongoza kwa mbali na watu wameanza kutoka kwenda kwenye magari. Mkimbiaji wa wapinzani alipenya upande wa pili kabisa wa uwanja, njia nyeupe. Trevonte alikuwa ameangushwa kifudifudi. Akainuka, akamfuata. Hakuna aliyemwambia. Alikata uwanja mzima kwa mshazari, akamkamata kisigino karibu kabisa na mstari wa mwisho. Nikageuka kumwambia Ezell, nikakuta amesimama. Mume wangu hasimami uwanjani, goti halimruhusu. Alikuwa amesimama.

Ndani ya gari nikamuuliza, "Haya, sema."

"Miguu ya raundi ya kwanza. Moyo pia, na moyo hawafundishi popote. Mikono..." akatikisa kichwa. "Mikono haijui iko pale kufanya nini. Leo hii ni raundi ya tatu. Atakayemchukua mapema atamlaumu mwaka wa kwanza, mwaka wa pili atamwuza."

Hivyo ndivyo alivyowaambia wakubwa wake, na kazi ingeishia hapo. Haikuishia hapo.

Novemba, baada ya ibada, kanisa lilikaanga kambare. Shalonda akatukuta jikoni mwa kanisa, mimi nageuza samaki, Ezell ananionjea bila kuombwa. Alikuwa amevaa fulana ya mwanawe.

"Kocha, nina swali, na usinizungushe," akasema. "Mwanangu anaweza kutoka chuoni mwaka huu akaingia kwenye uteuzi, au abaki mwaka mmoja zaidi. Wapo watu wananipigia simu kila siku, wanasema raundi ya kwanza, raundi ya kwanza. Wewe umemwona. Atoke?"

Ezell akaweka samaki chini. "Shalonda, mimi naajiriwa na klabu. Si vizuri nikuambie."

"Sikuulizi klabu. Nakuuliza wewe uliyenifundisha Mto Tombigbee."

Nikamwona anavyokunja kitambaa cha kufutia mikono, anakikunjua, anakikunja. Kisha akamwambia yote. Miguu, moyo, mikono. Raundi ya tatu. Akibaki mwaka mmoja na kujifunza kutumia mikono, atapanda. Akitoka sasa, atachukuliwa na watu wanaomdhani ni kitu kingine.

Shalonda alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema polepole, "Raundi ya tatu."

"Leo. Leo ni raundi ya tatu."

"Mtoto ambaye nchi nzima inamwona, wewe ndiye huoni." Akanigeukia mimi. "Bi Imogene, samaki wako wanaungua." Akatoka.

Na kweli walikuwa wanaungua.

Mji mdogo hauna siri. Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza Ezell kwa Hosea kinyozi, nikakaa kwenye benchi la dirishani na gazeti langu. Hosea alimvika shuka shingoni akaikaza zaidi ya kawaida.

"Jamani, huyu hapa," akatangaza. "Daktari wa macho. Kocha, hivi hapa nimeshika vidole vingapi?"

Wote wakacheka.

"Vitatu," Ezell akasema. "Na kimoja kichafu."

"Vitatu! Mnaona? Kila kitu kwake ni cha tatu!" Duka likalia kwa kicheko. "Niambie, Kocha, mke wako naye ulimweka raundi ya ngapi?"

"Mke wangu ndiye alinichagua mimi. Na nilikuwa wa mwisho kabisa."

Hapo hata Hosea alicheka, lakini mkasi haukucheka. Alimkata vibaya nyuma mpaka nikalazimika kumrekebisha nyumbani. Mzee mmoja kwenye kona akasema bila utani, "Sisi hapa hatuna kiwanda tena, Ezell. Tuna mtoto mmoja. Ungeweza kutuachia huyo."

Hilo lilimwingia. Njiani kurudi nilitaka kumtetea mbele ya mji mzima, nikawa napika maneno kichwani kwa ajili ya Hosea na mkasi wake. Ezell akanikanya. "Waache. Wanampenda. Hata mimi nampenda."

Wiki ya Krismasi kengele ikalia mchana. Nikafungua, nikakuta mlango umejaa mtu. Trevonte.

"Bi Imogene," akasema, kofia mkononi, maana amelelewa. "Kocha yupo?"

"Yupo. Umekuja kwa heri au kwa shari?"

"Sijui bado, mama."

Walikaa sebuleni. Nikakaa pia, nyumba ni yangu. Kijana hakuzunguka. "Kocha, mimi nimekukosea nini? Nimekua nakuona. Kila mtu ananiinua, wewe mtu wa nyumbani unanishusha. Mama yangu halali."

Ezell akamwambia, "Nyanyuka. Twende nyuma."

Uani kwetu kuna nyasi kidogo na mti wa njugu za pekani. Mume wangu, mwenye goti bovu na sweta niliyomfumia mwenyewe, akasimama mbele ya mtoto mwenye mwili wa mlango wa ghala, akapanua miguu kama yale majitu yanavyofanya. "Mimi ndiye mlinzi wa mrusha mpira. Njoo. Usinigonge, utaniua na Imogene atakushtaki. Tembea tu, fanya kama unavyofanya."

Trevonte akacheka kwa mara ya kwanza. Akaja. Ezell akamwekea viganja viwili kifuani.

"Simama hapohapo. Usisogee. Mikono yako iko wapi?"

Kijana akatazama chini. Mikono ilikuwa inaning'inia kiunoni kama ya mtu anayengoja kupewa sahani.

"Tena," Ezell akasema.

Tena, kiunoni. Tena, kiunoni. Safari iliyofuata Trevonte alijaribu kuiinua, akachelewa, viganja vya Ezell vilikuwa vimeshafika. Akanuna. Akajaribu upande wa kushoto. Nikamwona anaanza kuudhika, na si na Ezell tena.

"Miguu yako inafika kabla ya mikono," Ezell akamwambia. "Umezaliwa na miguu ya ajabu, basi mikono haijawahi kulazimika kufanya kazi. Huna jingine la kujibu ukishikwa. Huko mbele, mwanangu, watakushika. Wote wanajua kushika. Mikono yako si mirefu sana, kwa hiyo lazima ifike kwanza. Piga kiganja chake, halafu pita. Piga, pita. Kila siku ya Mungu."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Ulikuwa unashinda."

Trevonte alibaki amesimama chini ya pekani, anapiga hewa. Piga, pita. Nikaleta pai ya viazi vitamu, akala nusu yake kwa mkono wa kushoto huku wa kulia bado unapiga. Alipoondoka alinikumbatia mimi. Kwa Ezell alitoa mkono tu, bado kidogo amenuna. Lakini Januari akatangaza kwamba anarudi chuoni kwa mwaka mmoja zaidi.

Ungesema basi yameisha. Hayakuisha. Mwaka ule wa nne wapinzani walikuwa wameshamjua, wakamwekea watu wawili kila mchezo, na idadi ya aliowaangusha ikashuka karibu nusu. Televisheni ikamsahau haraka kama ilivyompenda. Wachambuzi walewale wakasema amefikia kikomo. Na Tolliver ikajua wa kumlaumu. "Umemwangusha mtoto," mwanamke mmoja alimwambia Ezell dukani, kwenye mstari wa malipo, mbele ya watu. Kanisani watu walihama benchi letu. Shalonda alinisalimia kwa kidevu.

Nilimuuliza Ezell kama anajuta. Tulikuwa tumetoka kumwona kijana akicheza mvuani huko Mississippi, hakuangusha mtu hata mmoja siku nzima.

"Umeona mikono?" akaniuliza.

"Nimeona hajaangusha mtu."

"Imogene, walikuwa wawili kila mara, na kila mara aliwapita au aliwabomoa. Rafiki zake ndio waliopata maangusho yote leo. Na ule upande wake, umeona mtu akikimbilia huko? Wameacha kujaribu." Alikuwa anatabasamu peke yake, maji yanamchuruzika kofiani. "Huyu si yule. Huyu ni mwingine kabisa."

Majira ya baridi yalipokwisha vijana walipelekwa kupimwa, jinsi wanavyopimwa wote: urefu, uzito, mbio, kuruka. Trevonte alikimbia vizuri. Lakini mikono, walipoweka kipimo kutoka begani hadi kidole, ilionekana mifupi kwa nafasi yake. Kwa klabu nyingi hiyo ni sababu tosha ya kumpita kwa mbali. Yaliyotokea kwenye chumba cha klabu yetu nimeyapata kwa Pete Sadowski, msaka vipaji mwenzake Ezell, ambaye hakupaswa kuniambia lakini nilimpa mbavu za kuchoma.

Walikuwa wamekaa mezani wote, anasema, wakibishana kijana kwa kijana. Walipofika kwa Trevonte, kijana mmoja wa takwimu akasema tumwondoe, mikono mifupi na idadi imeshuka. Kocha wa ulinzi akakubali. Mwingine akakubali. Ilikuwa inapita kama maji. Ezell akainua mkono.

"Mwaka juzi nilisema raundi ya tatu," akaanza. "Mji wangu ukaninunia kwa sababu ni ya chini mno. Leo nyinyi mnataka kuninunia kwa sababu ni ya juu mno, maana leo nasema raundi ya pili, na tusichelewe."

"Ezell, mikono ni mifupi," Bwana Brandvold akamwambia.

"Ni mifupi, mkuu. Tangu Krismasi ya mwaka juzi nilijua ni mifupi. Lakini inafika kwanza. Wekeni video ya Mississippi, ile ya mvua, halafu msitazame mpira."

Wakaiweka. Pete anasema waliitazama mpaka mwisho. Kisha mkuu akamuuliza Ezell kama si mapenzi ya nyumbani haya.

"Nyumbani hawanisalimii, mkuu," Ezell akajibu. "Mapenzi yangekuwa rahisi zaidi kuliko hivi."

Jina la Trevonte likabaki, likapandishwa, likawekwa raundi ya pili.

Siku ya uteuzi Ezell alikuwa makao makuu ya klabu. Mimi nilikuwa Tolliver, na asubuhi Shalonda aligonga mlango wangu. Alisimama barazani kama msichana aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

"Bi Imogene, Trevonte kasema hawezi kukaa na simu ile kama wewe hupo. Nami nasema hivyohivyo." Akavuta pumzi. "Mwanangu kila siku yuko uani anapiga matawi. Nilidhani amepagawa. Kumbe anasoma."

"Una sukuma wiki jikoni?" nikamuuliza.

"Nina sufuria mbili, na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi ndani."

"Basi nakuja na mkate wa mahindi."

Raundi ya kwanza ilipita bila jina lake, kama tulivyojua. Ya pili ikaanza. Nilijua zamu ya klabu yetu inakaribia. Nilikuwa nimeshikilia kiti. Klabu moja tu ilikuwa mbele yetu, klabu ya magharibi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiwaza. Simu ya Trevonte ikalia. Nikatazama televisheni, zamu ya klabu yetu ilikuwa bado. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Naam, bwana," kijana akasema. "Naam. Naam, bwana. Niko tayari." Kisha akaweka simu mezani taratibu, akaweka kichwa chake kikubwa kwenye bega la mama yake, na nyumba ikalipuka. Hosea kinyozi alipanda juu ya meza ya kahawa ikavunjika. Yule mzee wa kwenye kona alilia bila kujificha.

Nilitoka nje kumpigia Ezell. Nilidhani nitamkuta amevunjika moyo. Mwaka mzima na nusu amebeba jina lile mgongoni, kisha limechukuliwa na watu wengine dakika ya mwisho. Nilisikia kelele za chumba, watu wanalaani, mtu amepiga meza. Na mume wangu alikuwa anacheka.

"Walikuwa na mtu mwenye macho, Imogene!" akasema. "Kule magharibi wana mtu mwenye macho!"

"Hujakasirika?"

"Brandvold ndiye kakasirika. Kasema kuanzia mwakani nikiinua mkono, wachague raundi moja mapema." Kisha akauliza, "Shalonda yukoje?"

Nikamwambia aongee naye mwenyewe. Nilimwita Shalonda nje, nikampa simu, nikarudi ndani nisisikie. Ila dirisha lilikuwa wazi, na nilisikia mwanamke mzima akisema majina ya mito, mmoja baada ya mwingine, akicheka na kulia.

Mwaka wa kwanza huko magharibi Trevonte aliingia kwa zamu, anapumzisha wakubwa. Alipigwa, alifagiwa, akainuka. Mwaka wa pili akawa anapangwa tangu mwanzo wa mechi. Mwaka wa tatu majitu ya ligi nzima yalikuwa yanalala vibaya usiku wa kuamkia mechi yake. Hilo si langu, alilisema mmoja wao kwenye televisheni.

Msimu huo walikuja kucheza na klabu ya mume wangu. Nilikaa na Shalonda juu kabisa, yeye kavaa jezi ya mwanawe, mimi sikuvaa rangi ya mtu, maana mshahara wa nyumba yetu unatoka upande mmoja na moyo upande mwingine. Ezell alikuwa chini, karibu na mstari, na koti la klabu, ubavuni kwa Bwana Brandvold.

Robo ya tatu mlinzi wetu mpya, mtoto mkubwa kama kontena, aliweka mikono yake mbele. Trevonte akaipiga kabla haijafika. Akapita. Mrusha mpira wetu hakujua kilichompata mpaka alipohesabu mawingu. Shalonda akaniruka mgongoni.

Nilichukua darubini nimtafute mume wangu. Alikuwa amesimama, mikono ameibana kwapani kwa nguvu ili isije ikapiga makofi mbele ya waajiri wake, mabega yanatikisika. Bwana Brandvold alimgeukia. Maneno yao nimeyapata kwa Pete.

"Ezell, umefurahi?"

"Nimehuzunika sana, mkuu," Ezell akasema, meno yake yote nje.